Mfuko wa Macho na Kamati ya Mtaa Mzima

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nilicheka kimoyomoyo, kwa sababu mtu akishastaafu ndipo hana haja tena ya kujua ni saa ngapi. Kisha mkaniomba niwaandikie niliyoyaona katika kazi yetu ya wakfu, nyinyi maafisa wapya mnaorithi mafaili yangu. Nimekubali, ila msitafute humu habari za vyeo na mshahara. Vyeo nilipewa viwili, na vyote vilikuwa ni kuhamishwa meza. Nitawaeleza zaidi mahali nilipoharibu, maana hayo ndiyo yatakayowafaa.

Nilianza siku ya Jumatatu, nikiwa nimevaa tai. Nilikuwa nimetoka baraza la jiji, nilikokuwa karani wa kupokea malalamiko na kuyatia ndani ya sanduku ambalo sikuwahi kuonyeshwa ufunguo wake. Ofisi ya wakfu ilikuwa juu ya duka la magodoro kando ya Jogoo Road, na ngazi ilikuwa imejaa magodoro kiasi kwamba wateja walifika kwetu ubavu ubavu. Mkubwa wangu alikuwa Bi Zuhura, mzaliwa wa Eastleigh, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa madrasa. Alinitazama kifuani kabla hajanijibu salamu.

"Ezekieli mwanangu, hiyo kamba ya nini? Watu watadhani umekuja kupiga mnada vyombo vyao."

Nikaivua palepale, na mpaka leo sijaivaa tena, hata kwenye harusi ya binti yangu.

Asubuhi hiyo alinieleza kazi kwa maneno ambayo sijayasikia yakielezwa vizuri zaidi katika semina zote nilizokaa nikila mandazi ya bure. Mtu ana kitu kidogo alichokichuma, alisema, na anataka kiwafae wengine hata yeye akiwa hayupo. Hana sababu ya kuanzisha shirika, kukodi ofisi na kuajiri mlinzi. Anakileta kwetu, tunakiandikia katiba, tunakitunza mahali salama, na faida yake ndiyo inayotoka kila mwaka kusaidia watu. Wanaoamua nani asaidiwe ni majirani zake, kwa kuwa ndio wanaojua nani ana shida na nani anaigiza. "Sisi," akamalizia, "tunaangalia tu majirani wasigeuke fisi."

Zana za kazi zilikuwa chache. Kulikuwa na fomu ya kurasa nne, ambayo ndiyo iliyonipa jina la Bwana Fomu kuanzia Muthurwa mpaka Kayole. Kulikuwa na muhuri uliokwama kila ulipopigwa mara ya pili. Na kulikuwa na tumbo. Hilo la mwisho hamlipati katika maelezo ya kazi siku hizi, lakini mfuko mmoja wa kusaidia watu huzaliwa baada ya vikombe kama arobaini vya chai, na ukikataa chai ya mtu umemkataa yeye mwenyewe. Niliwahi kunywa chai saa nne, saa nne na nusu na saa tano katika nyumba tatu zinazopakana, na kila mama akiniambia ile ya jirani haina majani.

Bi Zuhura alinifundisha pia kusoma katiba ya mfuko mara mbili kabla ya mtu kutia sahihi. Mara ya kwanza niisome kama mwizi, nitafute pa kupenyea. Mara ya pili niisome kama mwenye shida, nitafute nitakapozuiwa. Mimi nilielewa ile ya kwanza haraka sana, nikawa hodari wake. Ile ya pili niliiacha kwa sababu ilionekana rahisi.

Kesi zangu za mwanzo zilikuwa za kunipa mafunzo ya binadamu. Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa pale Eastleigh alikuja kuanzisha mfuko wa karo, akasisitiza kwamba jina lake lisitajwe popote, kwani sadaka ni siri kati ya mja na Mola wake. Tukaandika "Mfuko wa Asiyetaka Kutajwa." Alivumilia wiki tatu. Wiki ya nne alipanda ngazi akipigana na magodoro, akatuuliza mbona hakuna mtu hata mmoja aliyemshukuru. Bi Zuhura alimwambia hakuna anayejua ni yeye. "Ndiyo," akasema kwa uchungu, "lakini si wangekisia?"

Kisha ikaja kesi ya Kayole, na hapo ndipo mguu wangu ulipoteleza. Kulikuwa na mfuko wa viti vya magurudumu kwa wasioweza kutembea, na kamati ya majirani watano. Mwaka wa kwanza vilitoka viti vitano. Nilipokwenda kukagua niliwakuta wajumbe wote watano, wazima kama ng'ombe wa maonyesho, wakivitumia viti hivyo kubebea mitungi ya maji kutoka kwa bomba. Nilimuuliza mwenyekiti anavyojisikia. Akaniambia anajisikia vizuri, kwa sababu zamani maji yalimwumiza mgongo.

Nilirudi ofisini kwa hasira, nikakaa kwenye mashine ya kuchapa, nikaandika Kipengele cha Tisa. Ninakijua kwa moyo: Mjumbe wa kamati, mume wake, mke wake, watoto wake, na yeyote alalaye chini ya paa lake, hatanufaika na mfuko huu kwa namna yoyote. Nikaona bado wataniponyoka, nikaongeza cha kumi: Kipengele cha Tisa hakitabadilishwa na mtu yeyote atakayenufaika na mabadiliko hayo. Wakuu wetu walivisifu sana. Viliingizwa katika katiba zote mpya. Nilikuwa najisikia kama mtu aliyevumbua kufuli.

Miaka ikapita, Bi Zuhura akastaafu, mimi nikahamishiwa meza yake. Ndipo akaja Mzee Wafula.

Mzee Wafula alikuwa amefanya kazi ya kutengeneza mabehewa ya reli maisha yake yote, na aliishi katika korti moja ya nyumba za zamani za baraza, nyumba thelathini na mbili zinazotazamana kwenye uwanja mmoja wenye kamba za nguo. Sitaitaja, lakini mkipita nyuma ya Jogoo Road mtaijua kwa kelele. Mke wake marehemu, Rispa, alikuwa fundi wa kushona. Macho yake yalianza kufifia na mtoto wa jicho, naye hakusema, akaendelea kushona kwa kupapasa mpaka siku sindano ilipopita katikati ya kidole chake. Baada ya hapo hakushona tena. Alikaa kwenye kiti miaka sita, akikunja na kukunjua kitambaa kilekile.

"Lilikuwa jambo la kutibika, kijana," Mzee Wafula aliniambia. Mimi wakati huo nilikuwa na wajukuu. "Daktari aliniambia baadaye. Upasuaji mdogo. Hatukujua, na tulipojua hatukuwa na kitu."

Alikuwa ameuza kipande cha shamba huko Bungoma ili fundi mwingine yeyote wa korti ile, awe wa nguo au viatu au saa, asipoteze macho kwa kukosa matibabu. Sharti lake lilikuwa moja. Alitaka kumwona kwa macho yake mwenyewe mtu wa kwanza akitolewa bandeji, kabla hajamfuata Rispa. Moyo wake ulikuwa umechoka, na alijua. Nilimsomea katiba yote kwa sauti, akatia sahihi, na nikapiga muhuri ambao kwa mara ya kwanza haukukwama. Ndani ya katiba ile mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika kwamba kamati itakuwa na wajumbe wasiopungua watano wakazi wa korti. Sikuandika wasizidi wangapi.

Mnaweza kuhesabu kilichofuata. Mkutano wa kwanza walichaguliwa watano. Mwenyekiti akawa Bwana Okumu, aliyekuwa msoma mita wa baraza, mtu anayependa utaratibu kuliko chakula. Katibu akawa Mama Jentrix, mjane aliyekuwa akishona sare za shule kwenye veranda yake. Rispa ndiye aliyemfundisha kazi, na cherehani aliyoitumia ilikuwa ya Rispa. Kesho yake upande wa juu wa uwanja ulilalamika kwamba wajumbe wote wanatoka upande wa chini. Wakaongezwa watatu. Waislamu wakauliza mbona hawamo, wakaingia wanne. Wakatoliki wakahesabu upya. Wapangaji wa vyumba vya mabati nyuma ya nyumba wakasema wao si kuku. Kwaya ikadai kiti, na walinzi wa lango nao. Kila aliyeingia alipewa cheo, kwa sababu kumwita mtu mjumbe tu ilikuwa ni kumdharau. Tulikuwa na mweka hazina msaidizi wa pili. Tulikuwa na mkuu wa itifaki. Halima, dada mchangamfu aliyeuza vitambaa na kuishi mlango wa pili kutoka kwa Mama Jentrix, aliteuliwa mshika funguo, naye alikuwa na msaidizi, ingawa hapakuwa na kufuli wala sanduku. Mzee mmoja asiyependa kuzungumza alifanywa msemaji wa wanaonyamaza.

Mimi nilikuwa nafurahi! Niliandika katika ripoti kwamba ushiriki wa jamii umevuka matarajio.

Kisha tukaitisha maombi ya msaada. Walileta sita, watu wa kweli wenye macho mabovu ya kweli. Nilifungua la kwanza, la mshona viatu. Alikuwa mume wa mkuu wa itifaki. La pili, la fundi wa saa, ambaye alikuwa ndiye mweka hazina msaidizi wa pili. Nikaendelea. Nilipofika la sita nilimwomba Bwana Okumu orodha ya nyumba, nikaiweka kando ya orodha ya kamati, nikapitisha kidole taratibu. Hakukuwa na paa hata moja katika korti ile ambalo chini yake hapakulala mjumbe.

"Kwa hivyo ni nani anayeweza kusaidiwa?" Bwana Okumu aliuliza.

"Hakuna," nikasema.

"Kwa mujibu wa katiba?"

"Kwa mujibu wa katiba."

Bwana Okumu akatikisa kichwa kwa heshima. "Ni katiba kali," akasema.

Niliwaambia dawa ni rahisi, baadhi wajiuzulu. Uwanja mzima ulinikazia macho kama nimetukana. Halima ndiye aliyenionea huruma, akanivuta kando.

"Buda, we ni wa wapi kwani? Huku mtu haresign. Ukiresign umeiba. Hata kama hakuna kitu ya kuiba, watu watasema umeiba hiyo kutokuwepo."

Alikuwa anasema kweli. Kwaya yao iliwahi kuwa na mweka hazina aliyejiuzulu kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Alikuwa amehama miaka kumi iliyopita, na bado jina lake likitajwa watu huguna. Wakubwa serikalini hawajiuzulu, wakaniuliza, sembuse mshika funguo msaidizi? Basi maombi yale sita yakarudi kwenye bahasha, na kamati ikaendelea kukutana kila Jumamosi alasiri kupitisha kumbukumbu za mkutano uliopita, ambao ulikuwa umepitisha kumbukumbu za uliotangulia.

Kumbukumbu zile ndizo zilizonifungua macho. Mama Jentrix alikuwa na mwandiko mzuri wa shule za zamani. Nilianza kuona mistari ikiteremka kuelekea pembe ya karatasi. Mwezi uliofuata maneno yalipandana. Nikamtembelea siku ya kazi, nikakubali chai, na alipoimimina ilipita kando ya kikombe ikaingia kwenye sahani. Alijua nimeona.

"Ni macho yote mawili, baba," akasema. "La kushoto limeshafunga. Daktari amesema nisingoje mtoto wa jicho akomae sana, itakuwa ngumu kumtoa. Ni ugonjwa uleule wa Rispa."

Nilimuuliza kwa nini asiwaambie majirani wafanye mchango. Alinishika mkono kwa nguvu. Fundi akitangazwa kipofu, alisema, nani atamletea kitambaa? Sare ndizo zilizomsomesha Jentrix, na ndizo zinazomlipia kodi. Akanikataza kumtaja kwa mtu yeyote. Niliondoka pale nikijua ni nani aliyeujenga ukuta uliokuwa mbele yake. Si fisi wa Kayole. Ni mimi, na nilikuwa nimepongezwa.

Nilijaribu njia ya mkato. Katiba ilisema mjumbe atakayekosa mikutano mitatu mfululizo bila udhuru amepoteza nafasi yake. Hapo hajiuzulu mtu, hafukuzwi mtu, ni mambo tu yamejiendea. Nikamnong'oneza Mama Jentrix akose mitatu. Jumamosi ya kwanza hakuja. Bwana Okumu alipouliza udhuru, waliinuka watu wanne. Mmoja alisema katibu ana mafua, wa pili kwamba amekwenda kanisani, wa tatu kwamba amefiwa, na wa nne kwamba amemwona sasa hivi na anasalimia. Zote zikapokelewa. Jumamosi ya pili, kwa kuwa katibu alikuwa hawezi kuja mkutanoni, walibeba viti wakahamishia mkutano kwenye veranda yake. Jumamosi ya tatu nilimtuma kwa dada yake Kayole. Walimpigia simu wakaweka sauti ya nje, wakaiegemeza simu juu ya kiti chake, na Bwana Okumu akaamuru iandikwe kwamba katibu yupo. Mtu akawekea kiti kile kikombe cha chai.

Ikabidi niwaeleze bila kumtaja. Niliwaambia yupo mjumbe mmoja ambaye macho yake hayawezi kungoja, na kwamba nimezuiwa kusema ni nani. Niliapa moyoni kwamba sitatazama upande wa katibu, na kwa sababu hiyo nilizungumza dakika kumi nikiutazama mti wa mparachichi. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeuliza ni nani. Walikubaliana aitwe Mwombaji. Kisha wakaanza kumtafutia njia, wote wakitazama angani, huku Mama Jentrix akiandika kila hoja kwa mistari inayoteremka.

"Mwombaji ahamie korti ya ng'ambo," alipendekeza mkuu wa itifaki. "Si mbali. Tutambebea kochi."

"Mfuko ni wa wakazi wa hapa tu," nikasema.

"Basi Mwombaji afariki," akasema msemaji wa wanaonyamaza. Lilikuwa neno lake la kwanza kamatini. "Kwa karatasi tu."

"Katibu, umeandika hiyo?" Bwana Okumu akauliza.

"Nimeandika," akasema Mama Jentrix. "Mwombaji afariki kwa karatasi tu. Nani ameunga mkono?"

Waliunga mkono wengi. Nililazimika kueleza kwamba wakfu hautibu marehemu.

Mzee Wafula alikuwa ameketi pembeni katika mikutano yote hii, amejifunika koti zito, akisikiliza kama mtu anayesikiliza injini inayokataa kuwaka. Siku ile alisimama kwa shida. "Mke wangu alikaa kwenye kiti miaka sita," akasema. "Mkamletea uji, mkamwimbia. Mlikuwa watu wema sana. Lakini hakuona. Sasa mmemkalisha mwingine kwenye kiti kilekile, na mnajadili." Akaketi. Hasira yake ilinistahili mimi kuliko wao.

Jumatatu yake nilikwenda Eastleigh kwa Bi Zuhura. Nilimkuta sebuleni akichambua mchele. Nilimsimulia yote, akacheka mpaka akakohoa, mpaka mjukuu wake akaja kuangalia kuna nini. Alipomaliza alijifuta machozi kwa mtandio.

"Kipengele cha mwisho umekisoma?"

"Cha mwisho ni cha tarehe na sahihi, Bi Zuhura."

"Kabla ya hicho, mwanangu. Kile nilichokiandika mimi kabla hujazaliwa kazini. Pasipokuwa na kamati, ofisi itaamua kwa niaba yake mpaka ichaguliwe nyingine. Kamati yako ikitoweka, hakuna mjumbe. Pasipo na mjumbe, hicho cha tisa chako kinamzuia nani?"

Nilikaa pale nikiona haya mpaka masikio. Kilikuwa katika kila katiba niliyopiga muhuri.

Lakini kutoweka kulikuwa na shida yake. Ilibidi wajiuzulu wote, na watu wasiojiuzulu mmoja mmoja hawajiuzulu kwa pamoja kwa urahisi. Jumamosi niliwaeleza. Hofu yao ilikuwa moja tu: nani atakuwa wa kwanza? Maana wa kwanza ndiye mwizi, na wengine wote ni mashahidi. Bwana Okumu alipendekeza ahesabu mpaka tatu, wote wasimame. Akahesabu. Hakuna aliyesimama. Kila mmoja alikuwa akimwangalia jirani yake kuona kama anaanza. Akahesabu tena. Safari hii walisimama wote isipokuwa yeye mwenyewe, akaeleza kwamba mwenyekiti hawezi kusimama kabla ya mkutano kufungwa. Wakaketi kwa hasira.

Halima akaingia ndani kwake, akarudi na karatasi kubwa ya manila na kifuniko cha sufuria ya pilau. Akakilaza kifuniko juu ya karatasi, akakizungushia kalamu.

"Tunasaini kwa round," akasema. "Kama watu wamekaa kwa sinia. Nani ni wa kwanza kwa sinia? Hakuna. Hata huyo polisi akikuja atashindwa aanzie wapi."

Bwana Okumu alikizunguka kile kifuniko akikikagua. Akatamka kwamba hakuna kipengele kinachokataza umbo la duara. Karatasi ikapita mkono kwa mkono, ikigeuzwa kila mara ili mtu asikumbuke ilianzia wapi, na watu wakatia sahihi wakiinamia kama wanaonawa. Ilipomfikia Mama Jentrix aliishika karibu na pua. Hakuuona mstari. Sahihi yake ilianzia ukingoni ikakata katikati ya duara mpaka upande wa pili, juu ya majina ya watu watatu. Niliinua macho. Watu wote wa korti ile walikuwa wanatazama kamba za nguo.

Ikabaki tatizo dogo. Kamati haikuwepo tena, kwa hivyo hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kufunga mkutano. Bwana Okumu alilikumbuka hilo akashtuka. Tulikaa pale karibu saa nzima, watu wazima, hakuna aliyethubutu kuondoka kwenye mkutano usiofungwa, mpaka mvua ilipotusaidia.

Niliidhinisha ombi la Mama Jentrix peke yangu asubuhi ya Jumatatu, pamoja na yale sita ya kwenye bahasha. Muhuri ulikwama. Nikaupiga ngumi. Baadaye korti ilichagua kamati mpya, na katika katiba zote sasa mtakuta maneno "wasiopungua watano, wasiozidi saba." Kuanzia leo mjue maneno hayo yalitoka wapi. Waliokosa nafasi walinuna mwaka mzima, nami nikawaacha wanune.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji kwanza. Siku ya kutolewa bandeji tulikwenda hospitalini watatu, mimi na Mzee Wafula na Halima. Muuguzi alipoivuta ile bandeji, Mama Jentrix alipepesa, akatazama dirishani, kisha akamtazama Mzee Wafula muda mrefu. Mzee alivua kofia. Alikuwa analia waziwazi, hakujificha, na mimi pia nililia, na sioni kwa nini nisiandike.

Tulimrudisha kwake alasiri. Alitaka kuketi kwenye veranda, mbele ya cherehani, aone uwanja. Watoto walikuwa wanatoka shule. Binti mdogo wa Halima alikuja mbio kumsalimia, na Mama Jentrix akamshika bega, akamgeuza mwangani. Mkono mmoja wa sare yake ulifika kwenye vidole na mwingine uliishia juu ya kiwiko. Kola ilikuwa imeshonwa nje ndani.

"Nani ameshona uchafu huu?" Mama Jentrix akauliza.

Halima akainama kuinyoosha kola ile.

"Ni fundi fulani wa Muthurwa, mama. Alinichezea."

Watoto wengine walikuwa wanaingia langoni, wawili, watano, kundi zima, na sasa niliona nami nilichokuwa nikikitazama miezi mingi bila kukiona. Kaptura zilizopinda. Marinda yenye pindo za ngazi. Vifungo vilivyokosana na matundu yake. Korti nzima ilikuwa imevaa hivyo, na ilikuwa imelipa, na muhula uliofuata ikapeleka vitambaa tena kwa fundi yuleyule, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesema neno. Na mimi nilikuwa nimeutazama mti wa mparachichi kwa dakika kumi nikidhani ninatunza siri.

Mama Jentrix alikunjua pindo la yule mtoto, akalitazama fundo la uzi kwa jicho lake jipya. Kila fundi analijua fundo lake. Alilitazama mpaka Halima akageuza uso. Kisha akavuta kiti karibu na cherehani.

"Huyo fundi wa Muthurwa," akasema, "mwambieni nimemsamehe, na nawashukuru nyinyi mliomvumilia. Sasa wavueni watoto. Leteni sare zote."